Aiskrimu ya Bi Redio

Mtaani walimwita Fundi Friji, mkewe walimwita Bi Redio, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini.

Fundi alikuwa na karakana mbele ya nyumba, chumba kimoja chenye mlango mpana, ambamo friji za watu zilisimama zikiangalia ukuta kama watoto waliokorofishana na mwalimu. Yeye alikuwa mtu mrefu, mikono mikubwa, mkimya kupita kiasi. Mteja akija na maelezo yake marefu, Fundi aliitikia "Mm," akapiga magoti na kutega sikio ubavuni mwa kompresa. Kazi yake yote ilikuwa hapo kwenye kusikiliza. Kompresa inayokaribia kufa hugugumiza kabla ya kuzima, gesi inayovuja hupiga mluzi mwembamba, na fundi anayepiga domo hasikii chochote. Aliyemfundisha kazi alikuwa akimzaba kofi la kisogoni kila alipofungua mdomo. Yule mzee alikwisha kufa zamani, lakini mdomo wa mwanafunzi wake haukupata habari.

Bi Redio alifungua matangazo asubuhi kabla birika halijachemka. Alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu, na mtu aliyezoea kuzungumza kuushinda mngurumo wa majiko na vishindo vya masufuria hawezi tena kunong'ona. Alisimulia ndoto yake, ya jirani, bei ya vitunguu, nani kachumbiwa na nani kaachwa, na katikati ya yote hayo akauliza, "Si ndiyo, Fundi?" na Fundi akasema, "Mm." Watu walitaniana kwamba yule bwana alioa ili apumzike kusema. Tuseme ukweli, hawakukosea sana. Alipenda kukaa ndani ya sauti ya mkewe kama mtu anavyopenda kukaa ndani ya shati kuukuu.

Kisha sauti ile ikaanza kukwaruza. Walidhani ni mafua, Bi Redio akanywa maji ya moto na asali, lakini ukwaruzaji ukakaa. Hospitalini wakaona kivimbe kwenye nyuzi za sauti. Kikatolewa, kikapimwa, kikaonekana hakina ubaya, na kila mtu akashusha pumzi. Daktari, mwanamke mchangamfu mwenye miwani, akampa mgonjwa sharti moja.

"Usiseme neno, mama. Hata kunong'ona usinong'one, mpaka nitakapokuona tena. Na ule vitu laini, vya baridi."

Bi Redio akamwangalia daktari kama mtu aliyeambiwa asipumue.

Mwanzoni walijaribu karatasi na kalamu. Ilishindikana siku ile ile, maana aliandika kwa kasi aliyokuwa akisemea, mistari ikapandana, na hata yeye alipoulizwa ameandika nini alikunja uso akashindwa kusoma. Wakahamia kwenye kijiko. Akigonga meza mara moja ilikuwa ndiyo, mara mbili hapana, na akigonga mfululizo bila kukoma, basi Fundi alijua amefanya jambo la kijinga na atafute mwenyewe ni lipi.

Nyumba ikawa kimya. Fundi hakuwahi kujua kwamba saa ya ukutani inapiga kelele kiasi kile. Akikaa mezani alisikia bomba likidondosha, alisikia friji ya nyumbani ikiwaka na kuzima, friji ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba, kwa kuwa fundi hana nafasi ya kutengeneza ya kwake. Alikuwa anamkosa mkewe, na mkewe yupo pale pale mbele yake anamenya kiazi.

Siku ya kurudi kwa daktari ikafika. Daktari akamulika koo, akafurahi. "Kidonda kimepona vizuri kabisa. Sasa unaweza kuanza kusema, kidogo kidogo. Haya mama, tuambie habari za leo."

Bi Redio akafungua mdomo. Shingo ikasogea. Akaufunga tena, akatikisa kichwa, macho yakamjaa maji.

Fundi akabaki nyuma mlangoni mkewe alipotangulia kwenda nje. Kwake ilikuwa kazi kubwa kuuliza, lakini aliuliza. "Daktari, itarudi?"

"Sauti ipo, baba. Huenda isiwe ile ile, na nadhani hilo ndilo linalomtisha. Usimlazimishe. Wewe ongea naye. Nyumba ikizoea kuwa na maneno, naye yatamtoka."

Niongee naye, Fundi akajiambia njiani. Mimi. Akatembea kando ya mkewe akitafuta la kusema kama mtu anayetafuta funguo mifukoni, akakuta mifuko mitupu. Walipofika nyumbani alikuwa amesema, "Kuna jua," na mkewe amegonga ukosi wa shati lake kwa kidole mara moja. Usiku alilala akiwa na hofu moja tu, nayo hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba daktari amempa dawa asiyokuwa nayo, na kwamba mkewe atanyamaza maisha yake yote kwa sababu ameolewa na gogo.

Kilichomwokoa ni aiskrimu mbaya.

Aliinunua dukani, kwa kuwa daktari alisema vitu laini vya baridi, akaibeba nyumbani ndani ya koti lake. Bi Redio akaonja, akakunja uso. Akasugua vidole viwili pamoja, kama anayepima mchanga. Fundi akaonja naye, na mara ile damu ya ufundi ikamchemka.

"Hii imeyeyuka ikagandishwa tena!" akasema. "Friza yao inazimwa usiku, ndiyo maana. Unajua kinachotokea? Maji yakiganda yanajipanga. Yanajenga vipande vidogo vidogo vya barafu. Ikigandishwa haraka, vile vipande vinakuwa vidogo mno, ulimi hauvioni, unasema ni laini. Sasa ikiyeyuka na kuganda polepole, kile kidogo kinamezwa na kikubwa, kinanenepa, mpaka unatafuna mchanga. Si sukari hiyo unayoisikia, mama. Ni barafu iliyonenepa."

Akashtuka. Hakukumbuka mara ya mwisho aliposema maneno mengi namna ile bila kuulizwa. Bi Redio alikuwa ameweka kijiko chini. Alimtazama mumewe kwa macho ambayo Fundi hakuyaelewa, akasogeza kiti chake karibu kidogo.

"Nitakutengenezea mwenyewe," Fundi akasema. "Mtu wa baridi hawezi kushindwa na hili."

Lakini alishindwa.

Mara ya kwanza waligawana kazi bila kugombana. Bi Redio akashika jiko, maana hapo Fundi hajui kitu. Akapasha maziwa, akapiga viini vya mayai na sukari, akavimiminia maziwa ya moto kidogo kidogo ili visije vikaiva kama mayai ya kukaanga, akavirudisha kwenye moto mdogo mpaka mchanganyiko ukawa ute mzito unaoshika mgongo wa mwiko. Akaongeza krimu. Ulipopoa, Fundi akaupokea kama anavyopokea friji ya mteja, akautia kwenye sufuria, akaufungia ndani ya friza yao ya kamba, akauacha.

Kesho yake kilichotoka kingeweza kujengea ukuta. Kijiko kilipinda. Fundi akaenda karakana akarudi na patasi.

Alipokuwa anachonga, alianza tena. "Nimekosa mimi. Friji ya nyumbani inatoa joto taratibu, na hakuna aliyekuwa anakoroga. Vipande vimejipanga vizuri kabisa, havikusumbuliwa na mtu." Akapumzika, patasi mkononi. "Unajua watu wananiambia, Fundi, niongezee baridi kwenye friji. Nimechoka kuwaeleza moyoni. Hakuna kitu kinaitwa kuingiza baridi, mama. Baridi haiingizwi. Mimi natoa joto. Gesi inapita ndani ya friji ikiwa na njaa ya joto, inalibeba, inakwenda kulimwaga nyuma, ndiyo maana nyuma ya friji kuna moto. Maisha yangu yote nimekuwa mchukuzi wa joto, nalitoa pale lisipotakiwa na kulipeleka mahali pengine. Basi."

Bi Redio alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja. Alichukua kipande cha lile jiwe, akakitia mdomoni, akakimumunya akimwangalia. Fundi akaona haya, akarudi kuchonga.

Siku hizo jirani yao, mshonaji wa nyumba ya pili, alikuwa akija kila alasiri kukaa na shoga yake. Fundi akiwa karakana aliwasikia wakicheka, au tuseme alimsikia mshonaji akicheka. Akiingia ndani kunywa maji alikuta kimya, mshonaji anakohoa na kuvuta uzi kwenye pindo la nguo kwa bidii ya kutisha.

"Shemeji," mshonaji akamwambia siku moja akitoka, "kwa hiyo wewe ni mchukuzi wa joto?"

"Nani kakwambia?"

"Kuta zenu nyembamba, shemeji," akasema yule mama, akaondoka akiuma midomo.

Fundi hakufikiri zaidi. Angefikiri, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini kichwa chake kilikuwa kwenye ndoo. Alikuwa amekumbuka namna watu walivyotengeneza aiskrimu kabla ya friji kuwepo, akaazima ndoo pana, akatafuta kopo refu la chuma lenye mfuniko, akalichomea mpini wa kuzungushia na bapa la kukoroga ndani. Akanunua barafu ya vipande na chumvi ya mawe.

Tena akaeleza. Sasa hakuhitaji kusukumwa. Alianza asubuhi akivaa viatu. "Utashangaa chumvi ya nini. Si ya kula, hii inakaa nje ya kopo. Barafu peke yake haitoshi, inafika mahali inasimama. Ukiitia chumvi, inalazimika kuyeyuka hata kama haitaki, na kuyeyuka kunataka joto. Italitoa wapi? Kwenye kopo letu. Inalinyonya joto mpaka ile chumvi na maji inakuwa baridi kuliko barafu yenyewe. Ni friji bila umeme, mama. Chumvi inafanya kazi yangu."

Bi Redio akagonga ndoo kwa kijiko mara moja. Ndiyo. Akafumba macho akitabasamu, kijiko kikabaki mkononi.

Hapo Fundi akafanya kosa ambalo fundi friji peke yake angelifanya. Kwa miaka yote amewaambia wateja, au amewaonyesha kwa mkono, kwamba friji tupu ni hasara, kwamba ukifungua mlango wa friji tupu baridi yote inamwagika miguuni, na friji iliyojaa ndiyo inayojitunza. Basi akalijaza kopo mpaka ukingoni, hakuacha hata nafasi ya ukucha. Akakata mpira wa mlango wa friji kuukuu, akauzungushia mfuniko, akaukaza. Akaanza kuzungusha.

Ilizunguka vizuri. Mpini ukaanza kuwa mzito, dalili njema. Kisha mfuniko ukainuka taratibu, bila haraka, kama mtu anayeamka. Ute mzito ukatoka pembeni, ukashuka kwenye barafu, na maji ya chumvi, kwa kuona mlango uko wazi, yakaingia ndani kujitazamia. Walipoonja, mshonaji, aliyekuja kwa ajili ya shughuli hiyo, alitema uani bila kuomba radhi.

"Shemeji, hii ni ya kusukutulia jino!"

Bi Redio aligonga kijiko mfululizo. Aligonga ndoo, akagonga kopo, akagonga ukingo wa kopo tena na tena. Fundi akainama, akachunguza kwa makini mahali alipogongwa, akaupapasa mpira.

"Nimeona," akasema. "Mpira umechakaa."

Mkewe akaangalia juu mbinguni.

Msimlaumu. Daktari wa macho akimwona mtu amejikwaa atasema ni macho. Kwa Fundi, kitu chochote kilichotoka au kuingia pasipotakiwa, kosa lilikuwa la mpira. Akakaa siku nzima kutafuta mpira mpya wa kutosha mfuniko, na siku nzima hiyo alikuwa akizungumza. Alimweleza mkewe habari za mpira, jinsi unavyokauka, jinsi anavyoujaribu kwa kubana karatasi mlangoni na kuivuta. Kutoka kwenye mpira akaingia kwenye yule mzee aliyemfundisha na makofi yake. Kutoka hapo, bila kujua alivyofika, akasimulia siku aliyoitwa kutengeneza friza ya shule fulani, akamkuta mpishi kijana amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, anamwambia samaki wake wakiharibika atamla yeye fundi.

"Ile friza haikuwa na ubovu mkubwa," akasema, macho yake kwenye mpira. "Waya tu ulikuwa umelegea. Ningeimaliza kabla ya wewe kumaliza kunitukana. Niliifungua yote, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilitaka uendelee kusema."

Hakuwahi kumwambia hilo. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Akasikia kiti kikisogea, akasikia mkono wa mkewe umetua mgongoni mwake, ukakaa pale. Hakugeuka, kwa sababu machozi yalikuwa yamemfika puani na hakujua ayapeleke wapi. Akawaza kwamba mtu huyu amempa maneno maisha yake yote, na sasa yanapomtoka yeye, mwenzake hawezi kuyajibu. Jioni ile binti yao alipiga simu kutoka mji anakofanya kazi, akataka kuongea na mama. Bi Redio akageukia ukutani, akagonga simu kwa kijiko, na Fundi akamsikia binti akicheka, halafu akanyamaza ghafla.

"Baba," binti akasema simu iliporudi kwake, "bado hajajaribu?"

"Bado. Mimi namwongelesha, mwanangu. Namwongelesha kweli. Pengine sijui namna."

"Unajua sana, baba. Usiache."

Jumapili mchana wakajaribu tena, wawili peke yao uani. Ute ulikuwa mzuri kuliko siku zote, wa rangi ya manjano hafifu, umelala ndani ya jagi. Barafu imepangwa kwenye ndoo, chumvi imenyunyizwa, mpira mpya mweusi umekaa kwenye mfuniko kama ulizaliwa hapo. Bi Redio ameketi kwenye kigoda, kijiko chake kwenye paja. Fundi akashika jagi kwa mikono miwili, akaanza kumimina.

Kopo likafika nusu. Bi Redio akagonga ndoo. Fundi akatikisa kichwa, "Usiwe na wasiwasi, mpira huu mpya kabisa." Likapita nusu. Kijiko kikagonga mfululizo. Fundi akaendelea kumimina, anaeleza habari ya friji tupu na friji iliyojaa, ute unapanda, unakaribia ukingo.

"Fundi, acha nafasi!"

Jagi likasimama hewani.

Haikuwa sauti ya Bi Redio iliyojulikana mtaa mzima. Ilikuwa nzito, ya chini, yenye mikwaruzo, kama bawaba iliyokosa mafuta. Lakini ukali wake ulikuwa ule ule wa mlangoni mwa jiko la shule.

"Kitu ukikipiga kinavimba," ikaendelea ile sauti. "Hujawahi kuona yai likipigwa? Kinaingia upepo, kinataka mahali pa kukaa. Huo upepo ndio ulaini wenyewe. Mpira, mpira, mpira! Mpira umefanya nini maskini?"

Fundi akaweka jagi chini, kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulia. Akaketi kwenye sakafu ya ua, hapo hapo penye maji ya barafu.

"Umesema," akasema.

"Nimesema."

"Unaweza kusema."

Bi Redio akakitazama kijiko chake. "Naweza."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya lile jiwe. Ulikwenda karakana kutafuta patasi, nikajiambia ngoja nijaribu hapa peke yangu. Ikatoka hii. Nikaogopa, nikasema Fundi akisikia atadhani kuna mtu mwingine ndani. Halafu ukarudi na patasi, ukaanza kuniambia habari ya joto."

"Na yule mshonaji anajua?"

"Anajua."

"Na mtoto?"

"Niligonga, nikanong'ona kidogo. Anajua."

Uso wa Fundi ukakunjamana. Hakuwa mtu wa hasira, lakini ilimpanda. "Mama, mimi nilikuwa nakufa. Nilikuwa nalala nasema nimeua sauti ya mke wangu kwa ububu wangu. Kwa nini umenifanyia hivyo?"

Bi Redio akainuka kwenye kigoda, akashuka, akaketi naye kwenye maji.

"Nisamehe. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Halafu kesho unaamka, unavaa viatu, unaanza: chumvi, mama, utashangaa chumvi ya nini. Fundi, tumelea mtoto, tumezika wazazi, na sikuwa najua unafanya kazi gani. Nilijua unatengeneza friji. Sikujua kwamba unabeba joto." Sauti ikakatika, akameza mate, akairudia. "Sikujua habari ya ule waya uliolegea. Nilijua nikifungua mdomo wangu, wewe utafunga wako. Nilikuwa nataka kusikia mpaka mwisho."

Fundi alilia waziwazi, mtu mzima na mikono yake mikubwa, na Bi Redio akampangusa kwa upindo wa khanga, akimwambia kwa ile sauti ya bawaba kwamba inatosha sasa, barafu inayeyuka, na barafu haiwangojei watu wanaolia.

"Hii sauti ni mbaya, si ndiyo?" akauliza baadaye, walipokwisha kusimama. Alijifanya anauliza kwa mzaha.

Fundi akainamisha kichwa, akatega sikio karibu na shingo yake, vile vile anavyofanya ubavuni mwa kompresa. Akasikiliza kwa makini. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Haina ubovu," Fundi akasema. "Imekaa muda mrefu bila kuwashwa, basi. Inatakiwa ifanye kazi."

Wakapunguza ute, wakarudisha kiasi kwenye jagi, wakaacha nafasi ya kina cha vidole vinne chini ya mfuniko. Fundi akazungusha mpini, Bi Redio akaongeza barafu na chumvi, na akichoka mmoja wanabadilishana. Uani kukawa na mlio wa vipande vikisagana. Fundi alingoja matangazo yaanze. Alingoja habari ya vitunguu, ya mshonaji, ya nani kachumbiwa. Alikuwa na kiu nayo. Lakini mkewe alizungusha mpini kimya, akamtupia jicho.

"Haya, endelea," akasema. "Ulikuwa hujafika kwenye sukari."

"Sukari?"

"Kazi yake ni nini humo ndani? Au ni utamu tu?"

"Si utamu tu," Fundi akasema, na mwenyewe akasikia jinsi maneno yalivyokuwa yanamngoja. "Sukari inayazuia maji yasigande yote. Yanabaki maji kidogo katikati ya barafu, ndiyo maana kijiko kinaingia. Ungeiondoa sukari, ungepata lile jiwe letu tena. Na mafuta ya krimu yanafunika vile vipande visishikane. Kila kimoja kina kazi yake, mama. Hakuna kilichokuja hapa kustarehe." Akasema mpaka mpini ukakataa kuzunguka, na mkewe hakumkatiza hata mara moja.

Walipofungua mfuniko, aiskrimu ilikuwa imepanda ikafika karibu na ukingo, ikakoma hapo, imetulia. Haikugusa mpira. Fundi akaichota kwa kijiko cha mkewe, akampa yeye kwanza, akasimama akimwangalia mdomo kama anavyoangalia taa ya friji aliyoichomeka kwa mara ya kwanza.

Bi Redio akaifumbia mdomo na macho. Hakuna mchanga. Hakuna chumvi. Ikamshuka kooni taratibu, pale palipokuwa na kidonda. Akafumbua macho, akakitoa kijiko, akakipangusa kwa midomo.

Angeweza kusema. Alikuwa na sauti na alikuwa na maneno. Akanyoosha mkono, akagonga ndoo mara moja.